Jihadhari na Moto Wakati wa Baridi



Baridi imeingia. Ninyi mlioko Makete mnaijua zaidi, maana kule Kitulo kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani. Huku kwetu Njombe nako mtu hatoki bila sweta na koti. Tangu Juni hadi Agosti wodi zetu hubadilika sura. Nimonia huongezeka, hilo kila mmoja analitazamia. Lakini huongezeka pia watu walioungua, na tena wengine ambao hawakuungua hata unywele mmoja, ila moto ndio uliowaleta hospitali. Nitaeleza habari zao nikichanganya yale niliyoyaona kwa miaka zaidi ya thelathini ya uuguzi na yale tuliyofundishwa na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walipotutembelea parokiani.

Nianze na hao wasioungua.

Julai moja, miaka michache iliyopita, alfajiri, tuliletewa mzazi aliyejifungua wiki tatu kabla. Alikuwa anatapika, kichwa kinamuuma sana, na alikuwa hajui yuko wapi. Mtoto alikuwa amefungwa vizuri kwenye khanga, amenyamaza. Mimi nilifikiria malaria, kisha nikafikiria kifafa cha uzazi. Nikambana kidoleni kile kipimo kidogo cha oksijeni, kikasoma 98, nami nikatulia moyoni kwamba angalau upande wa hewa mama huyu hana shida. Daktari alipofika aliuliza neno moja tu: “Mlilala na jiko?” Bibi aliyewaleta akajibu kwamba ndiyo, maana mzazi hafai kupigwa na baridi. Tukamwekea mama oksijeni mara moja. Yeye alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla hawajafika kwetu.

Bibi yule alinishika mkono akaniuliza: “Mwanangu, mbona moshi ulikuwa umekwisha? Nilingoja nje hadi makaa yakawa mekundu matupu, ndipo nikaliingiza ndani.”

Swali lile sijalisahau, kwa sababu nyumba nyingi hufikiri kama yeye. Watu wanaogopa moshi, na moshi ukiisha wanadhani hatari imeisha. Yafaa ifahamike kuwa mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta huingia kwenye damu na kung’ang’ania zile chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, na hung’ang’ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Basi damu inazunguka kama kawaida, lakini imebeba sumu. Ubongo na moyo hukosa hewa, na aliyelala hana cha kumwamsha. Watoto wachanga na wajawazito ndio hudhurika upesi zaidi, pamoja na mimba iliyo tumboni.

Tena kipimo kile cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Ndiyo maana kilinidanganya. Naandika hili pia kwa ajili ya wauguzi wenzangu walioko zahanati za vijijini: wakati wa baridi, mgonjwa akija na kichwa, kizunguzungu na kutapika bila homa, muulize kwanza alilalaje. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wameamka wote na kichwa, usipoteze muda. Akivuta hewa ya kawaida tu, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano. Akipewa oksijeni kwa kinyago, muda huo hushuka hadi kiasi cha saa moja au moja na nusu. Huko nyumbani, la kwanza ni kufungua milango na kumtoa nje penye hewa, kisha kumkimbiza hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Siku askari wa zimamoto walipokuja, tulikutana ukumbini baada ya Misa ya pili. Akina mama wa WAWATA walijaa, kina baba walisimama mlangoni kama kawaida yao. Askari akauliza ni nani jana usiku ameingiza jiko chumbani. Kimya. Ukumbi mzima ulitazama chini, nami nilijua kabisa kwamba zaidi ya nusu walikuwa wameliingiza. Kisha mkono mmoja ukainuka kwa nyuma. Alikuwa ni yule bibi. Akasimama, akasema yeye aliingiza mwaka ule, akaeleza lililotokea, na akauliza swali lile lile alilokuwa ameniuliza mimi. Askari alivua kofia yake. Akamwambia: “Mama yangu, moshi unauona, na wenyewe unakufukuza chumbani. Hii nyingine haikufukuzi.”

Baada ya hapo watu waliuliza maswali mpaka jua likapinda.

Kubwa walilotuambia ni kwamba jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu, hata likiwa limefunikwa majivu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Ukitaka kupasha nyumba moto, fanya hivyo mkiwa macho, milango na madirisha yakiwa wazi, na jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Kwa upande wangu kama muuguzi naongeza juu ya mzazi, maana akina bibi huniuliza, “Sasa mtoto apate joto wapi?” Mtoto mchanga hupata joto zuri kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi, na wote wawili wamefunikwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Ndivyo tunavyowatunza hata wale waliozaliwa kabla ya wakati. Mama naye apewe uji wa moto na nguo za kutosha. Chupa ya maji ya moto inaweza kupasha kitanda kabla ya kulala, lakini iondolewe kabla mtoto hajalazwa, nimeona mtoto aliyeunguzwa na chupa.

Kisha tukatoka uwanjani kwa mazoezi. Walikuwa na mtungi wa gesi na taulo iliyoloweshwa maji. Siku hizi gesi imeingia hadi vijijini, na serikali katika mkakati wake wa mwaka 2024 imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nafurahi, maana moshi wa kuni umetuharibia macho na mapafu ya akina mama wengi. Lakini nyumba nyingi zinaweka mtungi wa gesi na jiko la mkaa katika jiko moja dogo, na hapo ndipo penye balaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni kama maji hadi ikute kaa la moto. Ukisikia harufu yake usiwashe taa wala usiizime, usiwashe kiberiti, funga mtungi, fungua milango, tokeni nje. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni. Likitoa mapovu, mpira huo haufai.

Mtungi ukishika moto, unaikunjua taulo mbichi mbele yako ikinge mikono na uso, unaufunika mtungi kwa kuanzia upande wako kwenda mbele, kisha unafunga koki. Niliitwa nijaribu. Mikono ilinitetemeka, mimi niliyezoea kushona vidonda, na mara ya kwanza niliirusha taulo ikaanguka pembeni. Mara ya pili moto ulizimika. Mafuta ya maandazi yakiwaka kwenye sufuria, nayo hufunikwa kwa mfuniko na moto wa chini huzimwa. Ukimwagia maji yatalipuka yakurukie usoni. Hata sakristia haikusahauliwa: askari aliuliza mkaa wa chetezo huwekwa wapi baada ya Misa. Padre alicheka. Sakristani hakucheka.

Sasa walioungua. Wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi huunguzwa na uji, chai au maji ya kuoga, si miali ya moto. Wakifika kwetu tunakuta wamepakwa dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, majivu. Vitu hivyo hushika joto ndani, huleta uchafu kwenye kidonda, na sisi hulazimika kuvibandua huku mtoto analia. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, yamwagwe juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hata kama saa mbili au tatu zimepita, bado yanasaidia. Vua nguo, bangili na shanga mapema kabla ya kuvimba, ila nguo iliyogandamana na ngozi iache. Sehemu nyingine za mwili wa mtoto zikaushwe na kufunikwa, maana kwa baridi yetu hii anaweza kuganda. Usitumbue malengelenge. Funika kwa khanga safi, mje. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni kama asilimia moja ya mwili wake; akiungua eneo la viganja kumi ni hatari ya maisha, anahitaji maji ya mshipa siku hiyo hiyo. Walioungua usoni, mikononi, kwenye viungio au sehemu za siri waletwe hata kama eneo ni dogo. Nimewaona watoto ambao vidole vyao vimejikunja na kushikana na kiganja kwa sababu kidonda kilitunzwa nyumbani.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Kila baridi tunapokea mtu mwenye kifafa aliyeangukia mekoni, na mara nyingine walikuwapo watu wakaogopa kumvuta kwa kudhani povu la mdomoni au mate yataambukiza. Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa mtu kujamba, kama wengine wanavyosema. Mvute motoni, mwagie maji, mlaze ubavu. Na asiachwe peke yake kando ya meko ya chini. Vidonge vya kuzuia degedege lake vipo, anywe kila siku.

Kina baba, yenu nayo ipo. Baridi ikiisha huja kuchoma mashamba, na kila kiangazi misindano na milingoti ya watu huteketea kwa moto wa jirani aliyesafisha shamba la mahindi mchana wa upepo. Lima barabara ya kuzuia moto, waite majirani, choma jioni upepo ukitulia na kwa kibali cha kijiji. Na lori la mafuta likipinduka, kaeni mbali. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100 waliokuwa jirani na mafuta yaliyomwagika.

Simu ya zimamoto ni 114, haitozwi. Eleza ni kijiji gani, kitu gani kinaungua, kama kuna mtu ndani, na alama inayoonekana kutoka barabarani, kisha usikate simu hadi uambiwe. Pigeni hata kama gari liko mjini na barabara ni mbaya, nanyi endeleeni na ndoo na mchanga wakati mnalisubiri. Jumuiya yetu imekubaliana kutaja mnara wa kanisa na mti mkubwa wa mnadani, maana nyumba zetu hazina namba.

Walioniandikia kuuliza juu ya vidonda vya miguu kwa wenye kisukari, nitawajibu toleo lijalo.