Mwagizaji wa chokoleti, jua namba kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wengi wanaoleta chokoleti kwa ajili ya msimu wa sikukuu hupiga hesabu ya bei ya kiwandani, nauli na bima, kisha suala la ushuru humwachia wakala wa forodha. Mzigo ukishafika bandarini Dar es Salaam ndipo hugundua kuwa ankara imeandikwa neno moja tu, "chokoleti", ilhali ndani ya kontena mna bidhaa za mafungu matatu tofauti.

Forodha hutoza kwa namba ya HS, mfumo wa kimataifa ulioanza kutumika 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile katika nchi zote zinazoufuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumia tarakimu 8.

Chokoleti ya kawaida ipo fungu la 1806. Unga wa kakao uliotiwa sukari ni 1806.10, usiotiwa sukari ni fungu jingine, 1805. Chokoleti ya viwandani, ya mabonge au vifurushi vinavyozidi kilo 2, ni 1806.20. Zile za mche au kipande bapa ni 1806.31 zikiwa na kitu cha kujaza katikati, na 1806.32 zikiwa hazina. Hapa wengi hukosea: chokoleti yenye karanga zilizotapakaa ndani yake haihesabiwi kuwa imejazwa. Kinachotakiwa ni kiini, kama krimu au karameli, kilichofunikwa kwa chokoleti. Zinazobaki, zikiwamo chokoleti ndogo ndogo za boksi la zawadi, huenda 1806.90.

Mtego mkubwa ni chokoleti nyeupe. Kwa kuwa imetengenezwa kwa siagi ya kakao, sukari na maziwa, bila unga wa kakao, huwekwa fungu la 1704 pamoja na pipi. Biskuti tamu nazo, hata zikipakwa chokoleti, ni 1905.31, na kaki nyepesi za wafa ni 1905.32. Aiskrimu ya chokoleti ni 2105.

Tofauti hizi ni fedha. Tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ina ngazi ya ushuru ya asilimia 35 juu ya zile za 0, 10 na 25, na bidhaa za sukari na pipi zilitajwa miongoni mwa zilizolengwa. Chukua mfano wa mzigo wa thamani ya CIF ya Sh 20,000,000. Kwa ushuru wa asilimia 25 utalipa Sh 5,000,000, na VAT ya asilimia 18 juu ya Sh 25,000,000 ni Sh 4,500,000. Jumla Sh 9,500,000. Kwa asilimia 35, ushuru ni Sh 7,000,000 na VAT Sh 4,860,000. Jumla Sh 11,860,000. Pengo la Sh 2,360,000, kabla ya tozo nyingine, linatosha kumeza faida yote ya mwagizaji mdogo.

Wala usifurahi namba isiyo sahihi ikipita. Forodha inaweza kurudi na kudai ushuru uliopungua ndani ya miaka 5, wakati bidhaa imekwisha kuuzwa na mteja hawezi kuongezwa bei.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza, kabla ya kulipia profoma, mtake muuzaji akupe orodha ya viambato, uzito wa kila pakiti na picha ya bidhaa iliyokatwa katikati. Pili, kila aina ipewe mstari wake katika ankara na katika kadhia. Tatu, bidhaa yenye utata iombee uamuzi wa mapema wa forodha kwa maandishi. Nne, angalia viwango upya kila Julai, maana nchi wanachama huruhusiwa kutofautiana kwa baadhi ya bidhaa.

Usiporidhika na uamuzi wa ofisa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004 inakupa siku 30 kumwomba Kamishna aupitie upya. Zikipita, mlango huo ni mgumu kufunguka. Tunza nyaraka zako.