Nyumba kwa mkopo wa benki: Kati ya fedha na hati

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tulipiga hesabu ya mkopo wenyewe. Tuliona kuwa anayekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 16, akalipa kwa miaka 15, hutoa takriban shilingi 881,000 kila mwezi, na akimaliza amekwisha toa zaidi ya milioni 158. Leo tunaiacha kalkuleta. Tunaingia katika kazi ambayo wakopaji wengi hawaioni, maana inafanyika mezani kwa wakili, kwenye kaunta ya TRA na katika ofisi ya ardhi: kuitoa nyumba katika jina la muuzaji, kuiingiza katika jina la mnunuzi, na hapo hapo kuiweka rehani.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba watu watatu wanaogopana. Muuzaji hataki kusaini uhamisho kabla hajaona fedha. Benki haitoi fedha kabla hati haijasomeka jina la mkopaji na rehani haijaandikishwa. Mnunuzi naye amekwisha toa mchango wake, mara nyingi asilimia 10 au 20 ya bei, na sasa amekaa katikati, hana fedha wala nyumba. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, haimbembelezi: uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hauna nguvu mpaka uandikishwe. Mkataba uliosainiwa mbele ya wakili, risiti, hata funguo za mlango, vyote vinampa mnunuzi haki ya kumdai muuzaji. Mwenye nyumba bado ni yule anayesomeka katika daftari la Msajili wa Hati. Takriban kila karatasi utakayoombwa katika safari hii ipo kwa ajili ya kuliziba pengo hilo la kati ya siku ya kulipa na siku ya kuandikishwa.

Lakini kwa mtu wa Singida kuna swali linalotangulia yote. Hati ipo?

Nyumba nyingi zinazouzwa mkoani kwetu, kuanzia pembezoni mwa manispaa hadi Manyoni, Itigi na Kiomboi, zinauzwa kwa karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana. Benki haiwezi kuandikisha rehani juu yake. Wengine wana barua ya toleo, ile ambayo mtaani tunaiita ofa, na imebadilisha mikono mara mbili tatu bila yeyote kufuatilia hati. Benki itamwambia huyo aende kwanza akaimalizie safari yake ya hati, ndipo arudi kuzungumzia mkopo.

Pembezoni ndiko kwenye mtego mkubwa zaidi. Katika kata kama Mtipa, Unyambwa, Mwankoko au Mtamaa, mji na shamba vinapakana, na ukivuka mpaka wa manispaa unaingia ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, nayo inataka halmashauri ya kijiji iridhie uhamisho. Si sharti la juzi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha amua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Inatakiwa muhtasari wa kikao. Na pale mtaani, kiongozi anapodai asilimia 10 ya bei ili agonge muhuri, muulize ni kifungu gani cha sheria kinachompa haki hiyo. Hatakionyesha, maana hakipo.

Tuseme hati ipo. Isome kabla hujaisifia. Nchini mwetu hakuna anayemiliki ardhi milele. Umiliki wa kudumu uliondolewa mwaka 1963, na tangu hapo tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1996 inakwisha mwaka 2029. Hakuna benki yenye akili timamu itakayokopesha kwa miaka 15 juu ya hati hiyo kabla haijahuishwa, na ni bora mnunuzi alijue hilo kabla hajatoa mchango wake. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Deni la pango linakaa na ardhi. Halimfuati muuzaji anapohamia Dodoma.

Kisha upekuzi. Wakili huiandikia ofisi ya ardhi, hulipa ada, naye Msajili hujibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki, kuna amri ya mahakama. Zamani faili za Singida zilikuwa zikifuatwa Dodoma, kwenye ofisi ya Kanda ya Kati. Tangu Wizara ya Ardhi ilipofungua ofisi za mikoa mwaka 2020, kazi hiyo inafanyika hapa hapa. Sasa nauli si kisingizio tena, lakini bado watu wanaridhika kuonyeshwa kopi ya hati kwenye simu ya dalali. Kopi inasema mambo yalivyokuwa siku hati ilipotolewa. Daftari linasema yalivyo leo.

Upekuzi mmoja hautoshi. Kati ya ule wa kwanza na siku ya kuandikisha uhamisho zinaweza kupita wiki nyingi, na katika wiki hizo muuzaji mwenye madeni anaweza kuikopea hati hiyo hiyo kwingine, au mdai wake akapata amri ya mahakama. Uingereza wamelitatua hili kwa namna inayostahili kuigwa: anayefanya upekuzi rasmi kwa nia ya kununua hupewa siku 30 za kazi za kipaumbele, na lolote litakaloletwa na mwingine ndani ya siku hizo husubiri. Kwetu kinga iliyo karibu ni tahadhari. Sura ya 334 inamruhusu mwenye madai juu ya ardhi kuiweka tahadhari katika daftari, na mnunuzi aliyesaini mkataba na kulipa sehemu ya bei ana madai ya kutosha. Mawakili wengi hawaiweki, ama kwa kuona aibu mbele ya muuzaji, ama kwa kuokoa muda. Ningekuwa mnunuzi ningeidai, aibu ikae pembeni.

Sasa watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inarudia jambo hilo kwa upande wa rehani, na inamtaka mkopaji aseme kama ana ndoa, nayo benki ichukue hatua za kutosha kuhakikisha. Kwa hiyo katika ununuzi wa mkopo ridhaa zinahitajika pande mbili: mwenzi wa muuzaji anaridhia kuuza, mwenzi wa mnunuzi anaridhia kuweka rehani. Penye wake wawili, na mkoani kwetu ndoa hizo zipo, aulizwe kila mke ambaye nyumba ile ni makazi yake. Kiapo cha muuzaji kwamba hana mke hakimzuii mke kujitokeza kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba akiwa na cheti cha ndoa na watoto watatu. Wakili makini hatosheki na kiapo. Hufika kwenye nyumba yenyewe, huuliza majirani nani anaishi humo.

Nyumba ya marehemu ina mlango wake. Kikao cha ukoo, hata kikiwa na wazee wote na muhtasari wenye saini ishirini, hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa mahakama ya mwanzo karatasi yake ni Fomu Na. 4. Naye lazima kwanza aandikishwe katika hati kama msimamizi, ndipo ahamishe kwa mnunuzi. Atakayekuambia hatua hiyo inarukwa, anakuandalia kesi na watoto wa marehemu.

Kodi nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayowachelewesha wengi. Msajili haandikishi uhamisho bila cheti cha TRA. Muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kuna msamaha kwa nyumba aliyoimiliki na kuishi ndani yake miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi shilingi milioni 15. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 1. Hapa ndipo watu wazima hufanya ujanja wa kitoto: wanaandika mkataba wa milioni 30 kwa nyumba ya milioni 70. Kwa mnunuzi wa mkopo ujanja huo unaumiza mara mbili. Benki inakopesha kwa kutazama mkataba, na mthamini wa serikali atakuja na thamani yake mwenyewe bila kujali mlichoandika.

Baada ya hapo ndizo fomu: Na. 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba kibali, Na. 35 ya uhamisho wenyewe, pamoja na hati ya rehani. Zisainiwe zote siku moja na zipelekwe kwa Msajili pamoja, ili uhamisho na rehani viandikishwe kwa kufuatana bila mwanya katikati. Na fedha? Njia inayotumika ni barua ya ahadi: benki inamwandikia muuzaji, au benki yake kama nyumba ilikuwa na mkopo mwingine, kwamba italipa kiasi fulani mara tu itakapokabidhiwa hati yenye jina jipya na rehani iliyoandikishwa. Barua hiyo ndiyo inayowatuliza wale watatu. Isome neno kwa neno. Barua isemayo benki italipa "masharti yote yakitimia", bila kuyataja, inamwacha muuzaji hewani, naye akichoka kusubiri atamtafuta mnunuzi wa fedha taslimu.

Niseme waziwazi jambo moja linaloniudhi. Katika mikopo mingi wakili anayeandaa rehani amechaguliwa na benki, ada yake inakatwa kwa mkopaji, na mkopaji anaamini kuwa amepata wakili. Hajapata. Kazi ya wakili huyo ni kuhakikisha benki haipotezi. Akiona kifungu kinachokubana wewe peke yako, si wajibu wake kukuamsha. Tafuta wako, hata kwa kazi ya kusoma tu mkataba wa mauziano na masharti ya rehani. Na uhakikishe ni wakili kweli: majina ya walioruhusiwa yanapatikana katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na kila hati ya namna hii inatakiwa kubeba jina na anwani ya aliyeiandaa. Kishoka hapendi kuandika jina lake.

Rehani inakwisha vile vile ilivyoanza, kwa kuandikishwa. Siku ya rejesho la mwisho benki hukurudishia hati pamoja na waraka wa kuifuta rehani, na wengi huishia hapo, wakaifungia hati sandukuni. Daftari bado linasomeka kwamba nyumba inadaiwa. Wewe unayesoma hapa, kama ulimaliza mkopo wako na hujawahi kuupeleka waraka huo kwa Msajili, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukiwa na hati, waraka na kitambulisho, ukalifanye hilo leo ungali hai na benki yako ingalipo. Benki ya Nyumba Tanzania nayo ilikuwapo, hadi ilipofungwa mwaka 1995.

Wiki ijayo: mkopaji anaposhindwa kulipa, notisi ya siku 60, na mnada.