Kurekodi Gemu kwa Gharama Ndogo

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Tuseme umemaliza mtihani wa kidato cha nne na umerudi nyumbani Issuna, wilayani Ikungi. Jirani ana kibanda cha gemu, na vijana wanatamani kuziona tena mechi zao kwenye simu. Unaona hapo pana kazi: uwarekodie, wakulipe kidogo. Mtaji wako ni fedha ya magunia mawili ya alizeti uliyopewa na wazazi. Ukipanda basi hadi Singida mjini ukanunua kifaa kisichoendana na mashine, fedha imepotea na nauli imepotea. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize swali moja: mashine hii hutoa picha kupitia tundu gani?

PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, hutumia nyaya tatu. Wa njano hubeba picha. Mweupe na mwekundu hubeba sauti. Hapa kinatosha kifaa kidogo cha kunasa picha chenye matundu ya rangi hizo upande mmoja na kichwa cha USB upande wa pili. Usinunue kifaa ghali cha HDMI kwa mashine hii. Picha inayotoka ni ya kiwango cha televisheni za zamani, na hakuna kifaa kinachoweza kunasa kisichokuwapo.

PlayStation 3, ya mwaka 2006, ina tundu la HDMI, na hapo ndipo wengi huangukia. Tundu hilo lina kinga dhidi ya kunakili iitwayo HDCP. Ukiliunganisha na kifaa cha kunasa unaweza kuambulia skrini nyeusi, ukadhani umeuziwa kibovu. Suluhisho ni lilelile: nyaya za rangi tatu, kwani mashine hii ina tundu lake pia.

PlayStation 4, ya mwaka 2013, ni habari nyingine. Pedi yake ina kitufe cha SHARE, na mashine yenyewe huhifadhi dakika 15 za mwisho za mchezo. Unaweza kuzirefusha hadi 60 kwenye mipangilio, kisha ukazihamishia kwenye flashi. Ikiwa kibanda kina mashine hii, unachohitaji kununua ni flashi tu.

Ukilazimika kununua kifaa cha HDMI, usisome boksi tu; piga hesabu. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua biti 24, na picha zikiwa 60 kwa sekunde, unapata karibu biti bilioni 3 kila sekunde. USB 2.0 hupitisha biti milioni 480 tu kwa kikomo chake. Basi kifaa cha USB 2.0 hakina budi kuibana picha, na ubora hupungua. Kwa mtazamaji wa simu hilo si tatizo. Tatizo ni kulipa bei kubwa kwa ubora usioupata. Angalia pia kama kifaa kina tundu la kupeleka picha kwenye televisheni. Kisipokuwa nalo, mchezaji atalazimika kutazama kompyuta, ambako picha huchelewa kidogo, naye atafungwa mabao asiyostahili.

Programu isikugharimu. OBS Studio hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato. Chagua faili la aina ya MKV: kompyuta ikizimika ghafla, kilichokwisha kurekodiwa kwa kawaida hubaki salama. Ukirekodi kwa biti milioni 10 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 4.5. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hivyo rekodi kila mechi peke yake.

Je, kama huna kompyuta? Anza na simu. Iegemeze imara juu ya kigoda mbele ya televisheni, zima taa inayomulika kioo, na usogee karibu na spika. Picha haitakuwa safi, lakini utajua kama wateja wapo kabla ya kugusa fedha ya alizeti. Wakiwapo, ndipo uende mjini, ukiwa na picha ya matundu ya mashine ndani ya simu yako. Muuzaji akikuonesha kifaa, linganisha. Rahisi isiyofaa ni ghali kuliko ghali inayofaa.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi anashauri kulitazama tundu la mashine kabla ya kuuliza bei?
2. Mtu aliyeunganisha PlayStation 3 kwa HDMI akapata skrini nyeusi anaweza kukosea kwa kudhani nini? Mshauri la kufanya.
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) mtaji (b) kuambulia (c) kuibana.
4. Mechi moja huchukua dakika 12. Kwa kiwango kilichotajwa katika kifungu, itachukua megabaiti ngapi?
5. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 40.