Taa ya Injini Inapowaka Katika Pikapu ya Mkulima

Leo jembe tunaliegesha ukutani kidogo, tuzungumze juu ya taa. Siyo taa ya chemli. Ni ile taa ndogo ya rangi ya manjano, yenye mchoro wa injini, inayowaka mbele ya dereva na ambayo mafundi wetu wanaiita cheki injini.

Wengine mtauliza: taa ya gari inamhusu nini bwana shamba? Inamhusu sana. Nyanya ikishavunwa Ilula haingoji mtu. Maziwa yakishakamuliwa asubuhi yanataka kufika kituo cha kupozea kabla jua halijawa kali. Siku hizi vikundi vingi vya wakulima vimechanga fedha na kununua pikapu ya petroli iliyotumika, na hiyo taa ikiwaka kikundi kinagawanyika. Mmoja anasema gari lisimame, nyanya ziozee kwenye matenga. Mwingine anasema ni kitaa tu, twende. Fundi wa tatu anakuja na kusema injini imekwisha, nunueni nyingine. Basi tueleze jambo lenyewe lilivyo, ili mkienda kwa fundi mjue cha kumwuliza.

Jambo la kwanza ni kutazama taa inawakaje. Ikiwaka na kutulia bila kupepesa, na gari linakwenda vizuri, maji hayachemki na taa ya oili haijawaka, unaweza kufikisha mzigo sokoni halafu ukatafuta fundi. Lakini ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima, na injini inatetemeka kama mtu mwenye homa, hapo simamisha gari mahali salama. Kupepesa huko maana yake petroli inapita kwenye silinda bila kuungua, inakwenda kuunguzwa ndani ya bomba la moshi, na kile kisafisha moshi kilichomo ndani ya bomba kinapata moto mkali mpaka kinayeyuka. Na tafadhali sana, usilisimamishe gari la namna hiyo juu ya majani makavu, mabua ya mahindi wala mpunga uliopurwa. Bomba la moto linaweza kuteketeza shamba zima, na gari lenyewe juu yake.

Sasa, sababu za taa hiyo kuwaka ni nyingi, hata kifuniko cha tangi la petroli kisichokazwa vizuri kinaweza kuiwasha kwenye baadhi ya magari. Lakini sababu moja inayoonekana mara kwa mara katika magari ya petroli yaliyotembea sana ni sensa ya oksijeni. Sensa hii siyo ile ya kuhesabu watu tuliyokuwa nayo mwaka 2022. Ni chombo kidogo, umbo lake linakaribia la plagi, kilichofungwa kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni kupima hewa ya oksijeni iliyobaki ndani ya moshi.

Mfikirie mama anayepika mchuzi. Anatia chumvi kidogo, anaonja, anaongeza, anaonja tena. Sensa ndiyo ulimi, na kompyuta ya gari ndiyo mkono unaotia chumvi. Petroli kilo 1 inahitaji hewa ya kilo 14.7 hivi ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, oksijeni kwenye moshi inakwisha na sensa inatoa umeme wa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, umeme unashuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta inasoma hizo volti na kupunguza au kuongeza petroli, mara nyingi ndani ya dakika moja. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyotengeneza chombo hiki, na magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani mwaka 1976 yalikuwa ya kwanza kukitumia. Leo gari la petroli la kisasa bila sensa hiyo huwezi kuliona. Wenye matrekta na magari ya dizeli ya zamani maelezo haya hayawahusu, kwa sababu vyombo vyao havina sensa ya namna hii.

Tazama sasa kinachotokea ulimi ukifa. Sensa iliyochoka ikikaa chini, inatoa volti ndogo wakati wote, kompyuta inaamini kwamba hewa imezidi, basi inaongeza petroli. Inaongeza tena. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, gari linanuka petroli. Chukulia gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita moja sasa linakwenda kilomita 8. Safari ya kilomita 450 iliyokuwa ikila lita 45 sasa inakula lita 56 na zaidi. Ni lita 11 kwenda, na kama mnarudi na mbolea ni lita nyingine 11. Hesabu hiyo ipigeni kwa safari za msimu mzima, halafu muilinganishe na bei ya sensa. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema ni kitaa tu.

Utajuaje kama kweli ni sensa? Kompyuta ya gari inapowasha taa huwa imeandika namba ya kosa. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana tundu lenye pini 16 chini ya usukani, na fundi anachomeka mashine ya kusomea. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yake yana tundu hilo hilo lakini mashine za bei rahisi hazielewani nayo. Usishangae basi mashine ya fundi mmoja ikikaa kimya na ya mwingine ikasema.

Kwa zile Toyota za petroli za miaka ya 1990 ipo njia isiyohitaji mashine. Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukikifungua, mfuniko wake unaonyesha majina ya matundu. Fundi anaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande kifupi cha waya, anawasha swichi bila kuwasha injini, halafu anahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, yaani sensa ya oksijeni. Ikipepesa haraka haraka bila kunyamaza, hakuna kosa lililoandikwa. Lakini ni matundu hayo mawili tu, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu cha bei kubwa. Asiye na uhakika amwachie fundi.

Kwenye mashine, namba nyingi zinazohusu sensa zinaanza na P013 au P014. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ni hita ya sensa ya nyuma. Ndiyo, sensa ina hita ndani yake, kwa sababu haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na moshi peke yake unachelewa kuipasha. Ya mbele iko kabla ya kisafisha moshi, na hiyo ndiyo inayoongoza petroli. Ya nyuma iko baada yake, na kazi yake kubwa ni kukikagua kisafisha moshi. Mwulize fundi ni ipi, usikubali kununua zote mbili kwa kosa la moja.

Hapa ndipo fedha za wakulima zinapopotea. Mashine inaandika P0171, hewa imezidi, na mara moja mtu anasema badilisha sensa. Waswahili husema mjumbe hauawi. Huenda sensa inasema kweli kabisa: hewa imezidi kwa sababu mpira wa kunyonya hewa umepasuka, au chujio la petroli limeziba, au pampu imechoka. Ukibadilisha sensa hapo, mpya nayo itakuja na habari ile ile. Vivyo hivyo P0420, inayosema kisafisha moshi hakifanyi kazi. Magari mengi yameshatolewa kisafisha moshi na kuuzwa kama chuma chakavu, mwenye gari hana habari. Sensa ya nyuma ikilalamika kwenye gari kama hilo, haina kosa lolote.

Kabla ya kununua chochote, ingieni chini ya gari injini ikiwa imepoa. Fuateni waya za sensa kwa macho na kwa vidole. Gari linalolala kwenye banda moja na magunia ya mahindi lina panya, na panya anapenda waya. Tazameni kama waya umegusa bomba na kuungua, kama soketi imejaa tope, kama fyuzi ya hita imekatika. Kisha washeni injini na msikilize bomba la moshi kati ya injini na sensa. Likiwa na ufa au gasketi imetoboka, mtasikia linapiga cheche-cheche. Hewa ya nje inaingia kwenye ufa huo, sensa inaiona oksijeni, na kompyuta inaongeza petroli bure. Kuchomelea ufa ni kazi ndogo kuliko kununua sensa.

Hayo yakiwa safi, fundi achukue mita ya umeme ya kidijitali. Soketi ikiwa imetolewa, apime waya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Kwa sensa nyingi hupatikana omu kati ya 5 na 20. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, hita imekatika na sensa hiyo haitengenezeki. Kisha arudishe soketi, injini ipate moto kamili, aishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na kupima waya wa ishara. Sensa nzima inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi katika sekunde 10. Ikikaa mahali pamoja, mfundi afungue mpira mwembamba wa kunyonya hewa kwenye menifoldi kwa muda mfupi. Volti lazima zishuke. Ikiwa ilikuwa juu na hewa ikiingia haishtuki, imekufa. Angalieni tu kwamba Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyopimwa kwa volti hizo. Kwa hiyo ni lazima kutumia mashine.

Ikishafunguliwa, msiitupe kabla ya kuitazama ncha, kwa maana inaeleza habari za injini. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Utando wenye mafuta ni injini inayokula oili, na sensa mpya nayo itakwisha upesi. Unga mweupe unatokana mara nyingi na gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye gasketi, ile isiyoandikwa kwamba inafaa kwa magari yenye sensa. Zamani risasi iliyotiwa kwenye petroli ndiyo iliyokuwa ikiziua sensa, lakini nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni jambo jingine, na ndiyo sababu mojawapo EWURA ilianzisha mpango wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Petroli ya kwenye madumu kando ya barabara haina mdhamini, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kufunga mpya si kazi ngumu. Nyingi hufungwa kwa spana namba 22, nyingine zina nati mbili pembeni. Bomba likiwa na uvuguvugu inafunguka kwa urahisi kuliko likiwa baridi kabisa, lakini angalia mikono. Grisi maalum inakaa kwenye nyuzi za kufungia tu, isiguse ncha. Na waya usiulehemu, wala soketi usiijaze grisi, kwa sababu sensa za aina hii huvuta hewa safi ya nje kupitia waya wake, nayo ikizibwa inasoma uongo.

Wapo wanaotoa waya wa betri usiku, asubuhi taa haipo, wakadhani imepona. Namba imefutwa tu. Baada ya safari chache kompyuta itapima tena na taa itarudi, pengine katikati ya Kitonga mkiwa na mzigo. Na kwa vikundi vinavyokwenda kununua pikapu msimu huu: fungueni swichi bila kuwasha injini, muitazame taa hiyo. Inatakiwa iwake, halafu izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imebandikwa utepe mweusi ili msione. Mwambieni muuzaji airudishe kwanza, ndipo mzungumze bei.