Je, Wajua? Msafishaji wa matumbawe hubadili jinsia

Kwenye matumbawe ya Mafia, Chumbe na Watamu huishi samaki mwembamba asiyezidi sentimeta 14, mwenye mstari mweusi unaopanuka kuelekea mkiani. Wanasayansi humwita Labroides dimidiatus. Kazi yake ni usafi: chewa mkubwa husimama tuli na kuachama kinywa, naye huingia kudonoa vimelea kwenye meno na matamvua, kisha hutoka salama. Hata hivyo, yeye si mwaminifu sana. Akipata upenyo humng'ata mteja na kula ute wa ngozi yake, anaoupenda kuliko vimelea. Hata jinsia yake hubadilika: dume mmoja humiliki majike kadhaa. Akifa, jike mkubwa kuliko wote huanza kujifanya dume saa chache tu baadaye. Wiki mbili tatu zikipita, hutoa mbegu za kiume.