Kuacha Pombe: Yapi ni Kweli, Yapi ni ya Kijiweni?

Mtu akitangaza kwamba anataka kupunguza pombe, washauri hawakosekani. Shemeji ana lake, jirani ana lake, muuza duka naye ana dawa anayoijua. Bila shaka nawe umeyasikia mengi, na huenda umewahi kumshauri mtu mojawapo. Hebu tuyapime moja moja kwa yale ambayo madaktari na watafiti wameyathibitisha. Baadhi yatasimama. Baadhi yanaua, na tunaanza na mojawapo la kuua.

1. "Ukiamua kuacha, acha leo leo, kiume!"

Hukumu: Si kweli kwa mnywaji mzito wa kila siku.

Anayekunywa bia mbili mwisho wa wiki anaweza kuacha leo na asidhurike. Aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka, mwili wake umeshaizoea pombe. Ikikatwa ghafla, arosto huanza ndani ya saa chache: jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka hadi kikombe cha chai kishikwe kwa viganja viwili. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka na kutupatupa viungo kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Hospitali wana utaratibu wake: dawa kama diazepamu, inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kwa hiyo kama asubuhi hutulii mpaka unywe, au umewahi kuanguka ulipoikosa pombe, usijifungie chumbani. Anzia kwa daktari.

2. "Dawa ya moto ni moto: zimua asubuhi, utapona."

Hukumu: Si kweli.

Methali ina mahali pake, ila si hapa. Glasi ya kuzimua hutuliza kwa muda mfupi, kisha mwili unadai nyingine. Tena, ikiwa ndiyo inayokuondolea kutetemeka, hiyo ni dalili kwamba umefika kwenye uraibu. Kahawa kali na maji baridi navyo humwamsha mlevi tu, havimwondolei ulevi. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na ini huhitaji kama saa mbili au zaidi kuimaliza. Haliharakishwi.

3. "Angekuwa na nia, angeacha."

Hukumu: Si kweli.

Nia inahitajika, lakini haitoshi. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kuupata hutokana na kurithi. Kumtukana mgonjwa mbele ya wanawe hakumpi nia. Kunamfundisha kunywa kwa siri.

4. "Pombe haina dawa hospitalini."

Hukumu: Si kweli.

Zipo, na za miaka mingi. Naltreksoni hupunguza raha na hamu ya kunywa. Marekani waliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1994. Akamprosati humsaidia aliyekwisha acha asirudi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Si kila duka la dawa linazo, wala si kila mtu zinamfaa, kwa hiyo mwulize daktari kwa majina yake.

5. "Mtilie dawa kwenye chai, ataacha bila kujua."

Hukumu: Si kweli, na ni hatari kubwa.

Dawa inayosemwa mara nyingi ni disulfiramu. Mtu akinywa pombe juu yake, uso humwiva, hutapika, moyo humwenda mbio na presha inaweza kushuka vibaya. Anayejua kwamba ameimeza hujizuia kunywa, na hapo ndipo ilipo faida yake. Asiyejua atakunywa kama kawaida, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa. Mama au mke anayefanya hivi anasukumwa na uchungu, lakini njia hii si ya kumwokoa mtu.

6. "Vikundi vya walioacha pombe ni porojo tu."

Hukumu: Si kweli.

Alcoholics Anonymous, ambayo wengi wanaijua kwa jina la AA, ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, walipokutana dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi. Kila mmoja aligundua kwamba akimsaidia mwenzake, naye anapata nguvu ya kutokunywa. Mikutano bado ni ya namna hiyo: watu wanakaa, mmoja anajitaja kwa jina lake la kwanza, anasema yaliyompata, wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja, kutaka kuacha.

Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tiba, ulikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Katika kumfanya mtu aache kabisa, AA na tiba zinazomwelekeza huko zilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zinazojulikana, na mara nyingi kuzizidi. Kuhusu dai kwamba AA ni dini, ni nusu kweli: hutaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amwelewe kwa imani yake.

Karibu nasi, Eldoret nchini Kenya, watafiti waliwagawa katika makundi mawili wagonjwa 614 wa kliniki za VVU waliokuwa wakinywa. Vikao vya vikundi viliendeshwa kwa Kiswahili na watu wasio madaktari, waliofunzwa kazi hiyo. Waliofundishwa mbinu za kukabili hamu ya pombe walipunguza kunywa zaidi ya waliopewa elimu ya kawaida ya afya.

7. "Ama uache kabisa, ama usijisumbue."

Hukumu: Nusu kweli.

Mraibu mzito, mwenye ini bovu na mjamzito waache kabisa, wa kwanza akisimamiwa na daktari. Lakini kwa wengine wengi kila chupa inayopungua ni faida: ajali chache, ngumi chache, ada ya shule imelipwa. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako umewapa majeruhi mazungumzo mafupi na muuguzi, kwa heshima na bila kuhukumiwa, kuhusu kunywa kwao.

8. "Akirudia, kazi yote imepotea."

Hukumu: Si kweli.

Mwenye kisukari sukari yake ikipanda, hatumfukuzi kliniki, tunarekebisha tiba. Aliyeteleza naye arudi haraka kikundini au kwa daktari, aangalie ni nini kilichomponza: mshahara, msiba, au rafiki fulani.

9. "Ndege wenye manyoya sawa huruka pamoja."

Hukumu: Kweli tupu.

Wahenga walipatia. Watafiti walipochunguza kwa nini AA inasaidia, sababu kubwa waliyoikuta ni mabadiliko ya marafiki: wanywaji wanapungua, walioacha wanaongezeka. Dawa inatuliza mwili, daktari anakuvusha siku za hatari, lakini jioni ya Ijumaa unahitaji mtu wa kukaa naye asiyekuagizia moja.

Kwa hiyo ukiwa Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Tanzania, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie huduma za afya ya akili. Na kama anayekunywa ni ndugu yako, mwambie hivi: "Twende pamoja." Kisha uende naye kweli.