Mwingiliano wa Dawa za Madini Joto na Maradhi na Dawa Nyingine: Mfano wa Uwanda wa Juu wa Ufipa

Sehemu hii inafafanua kwa nini dawa ya madini joto (iodini), ambayo ni kinga ya rovu, yaweza kumdhuru mgonjwa mwenye maradhi mengine au anayetumia dawa nyingine. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, umo katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua za karne nyingi zimeyachukua madini hayo udongoni. Kuanzia mwaka 1986, Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla ya chumvi yenye madini hayo kuwa sharti la kisheria katika miaka ya 1990. Dozi ya miligramu 380 ililengwa kwa wenye umri wa miaka 2 hadi 45, ilhali mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni maikrogramu 150 tu.

Kikomo hicho cha umri kinaafikiana na elimu ya tezi. Rovu la miaka mingi huota vinundu vinavyozalisha homoni pasipo kudhibitiwa na ubongo. Vikipata madini joto ghafla, homoni huzidi: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mwili hukonda. Hali hiyo ilishuhudiwa Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoenea. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, hatari ni kubwa zaidi.

Kuhusu dawa, kidonge cha amiodaroni cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za madini joto. Lithiamu huzuia tezi kutoa homoni, na athari hiyo huongezeka inapotumiwa pamoja na madini joto. Aidha, iodidi ya potasiamu ikitumiwa pamoja na lisinoprili au spironolaktoni, hasa figo zikiwa dhaifu, potasiamu hulimbikizana katika damu na yaweza kusimamisha moyo.

Hivyo basi, kabla ya kutoa dawa hiyo, mhudumu hana budi kupapasa shingo na kuuliza kuhusu moyo, figo na dawa zitumiwazo. Tahadhari hii haihusu kuacha chumvi yenye madini joto: mjamzito huhitaji maikrogramu 250 kwa siku, na upungufu wake huathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni.